Vipicha vya Kompyuta ya Sweta

Nianze na waliokuwepo, ili msije mkaniuliza katikati. Alikuwepo Mzee Gichuhi, mwenye karakana, ambaye ni binamu wa marehemu mume wangu kwa upande wa mama, ingawa kazini hakuna aliyekumbuka hilo, yeye alikuwa Mzee tu na mimi Mama Kamau tu. Alikuwepo binti yake wa pili, Wanjiru, aliyekuwa amepanga chumba Kahawa Wendani kwa sababu ya masomo. Alikuwepo Halima, Mama Saidi, mfumaji, mtu wa Kiandutu kule Thika. Halima hakuwa na udugu na yeyote pale, lakini ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo kwangu ni dada. Walikuwepo Wambui na Njeri, wafumaji pia, walioolewa na ndugu wawili kule Ruiru, na hiyo ndiyo sababu walikuwa wanaongea kupitia kwa watu wengine. Alikuwepo Akinyi wa pasi. Na mimi, Wangari, wa kuunganisha.

Sasa nimeacha kazi, miguu imekataa pedali ya cherehani, na nyinyi wasichana mliobaki mmesema niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Mkiona sentensi imekaa vibaya, ipigeni pasi wenyewe.

Karakana ilianzia Ruiru, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Siku yangu ya kwanza Mzee alinionyesha meza, mkasi na lundo la vipande vya sweta: vifua, migongo, mikono. Akasema, "Hivi vikutane," akaondoka. Kazi yangu ilikuwa hiyo miaka yote. Mfumaji anatoa kifua kwenye mashine, mimi nakiunganisha na mgongo, naweka mikono, naweka kola, Akinyi anapiga pasi, mtoto wa mtu anaenda shule.

Siku hiyo ya kwanza niliunganisha kifua na kifua. Halima aliniangalia kutoka kwenye mashine yake, hakucheka. Alisema, "Mama, huyo mtoto wako ana matumbo mawili. Atakula sana." Halafu akaja akanifungulia mshono na kunionyesha vile kifua kinavyojulikana kwa vidole hata kabla ya kukiangalia. Yeye ndiye alinifundisha pia kusikiliza mashine. Kile kigari kinachopita juu ya sindano kikienda na kurudi, kina sauti yake, na sindano moja ikivunjika sauti inabadilika kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga kokoto akiwa na viatu. Halima alikuwa anaisikia akiwa anaongea na mtu mwingine. Alikuwa anasimamisha mkono, anainama, anatoa ile sindano, anaendelea na hadithi pale alipoachia. Kusoma hakujua hata herufi moja, na hakuona ni jambo la kuficha. Kabla ya Mzee kumpa mashine alikuwa anafulia watu nguo, nyumba hadi nyumba.

Baadaye tulihamia Thika, kwa sababu shule zilizokuwa zinatuletea kazi zilikuwa nyingi huko. Wambui, Njeri na mimi tulikuwa tunatoka Ruiru asubuhi. Halima alifurahi, maana kutoka Kiandutu alikuwa anatembea tu.

Sasa niwaambie kuhusu kadi, kwa sababu bila kadi hamtaelewa kompyuta. Sweta zetu zilikuwa na nembo ya shule iliyofumwa hapo hapo kifuani, si ya kushonewa juu. Mashine iliijua nembo kwa kadi ngumu yenye matundu. Unaingiza kadi, kigari kinapita, matundu yanaiambia sindano ipi ichukue uzi mweupe na ipi iache. Kila shule ilikuwa na kadi yake. Mzee alikuwa anaandika jina la shule kwenye kona kwa kalamu. Halima hakuwa na shughuli na jina. Alikuwa ametoboa kila kadi kwenye kona na kufunga kipande cha uzi wa rangi ya shule: bluu, kijivu, kijani, maruni. Anapeleka mkono kwenye boksi, anatoka na kadi, hakosei. Wambui na Njeri, waliojua kusoma, nao walikuwa wanatafuta kwa uzi, kwa sababu ni haraka.

Shule tulikuwa tunaziita kwa nembo. Shule ya Mwenge, Shule ya Mti, Shule ya Ng'ombe, Shule ya Kitabu. Na kulikuwa na Ndege wawili, Ndege wa Thika na Ndege wa Ruiru. Hapa lazima niseme ukweli kuhusu Mzee Gichuhi, naye akiwepo angecheka. Mzee alijua kuchora ndege mmoja tu. Shule ya Thika ilipotaka ndege, akawachorea. Ile ya Ruiru ilipokuja baadaye ikitaka ndege, Mzee alichukua kadi ya Thika, akaigeuza upande wa pili, akatoboa nyingine kwa kufuata hiyo. Kwa hiyo alikuwa ni ndege yule yule, ila mmoja anaangalia huku na mwingine anaangalia kule. Sweta ya Thika maruni, ya Ruiru kijani. Shule zote mbili zilimshukuru sana kwa ubunifu.

Kompyuta ililetwa na Wanjiru. Ilikuwa ya kizamani hata wakati huo, katikati ya miaka ya tisini. Kuna mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliyemwachia kwa sababu haikustahili nauli ya ndege. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani, kibodi na mashine yenyewe ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni. Tulitumia televisheni ya Mzee, ambayo ilikuwa na mstari unaopanda taratibu kutoka chini hadi juu siku nzima. Mkiambiwa kompyuta zinaharibu macho, mimi nasema ni ule mstari.

Ilikuja na programu ya kuchora nembo kwa viboksi, na waya wa kuipeleka nembo kwenye mashine. Wanjiru alitumia likizo nzima kuihangaisha na mashine ya Halima mpaka zikaelewana. Hakuna kutoboa kadi tena. Nembo zote zikaingia kwenye diski moja, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki. Mzee aliishika kiganjani akasema, "Shule zote ziko hapa?" Wanjiru akasema, "Zote, Baba." Mzee akaiweka mfukoni mwa shati, na Wanjiru akamwambia asirudie hivyo.

Tatizo lilionekana siku ile ile. Ukiweka diski, televisheni inaonyesha picha ndogo ndogo, kila nembo na picha yake, na chini jina kwa herufi. Unasogeza mausi, unabonyeza mara mbili, nembo inafunguka. Lakini zile picha ndogo zilikuwa zote za namna moja. Karatasi iliyokunjwa kona, karatasi iliyokunjwa kona, mpaka mwisho. Tofauti ilikuwa jina peke yake. Wambui alisoma akafungua. Njeri akasoma, akafungua. Halima akakaa, akaziangalia zile karatasi, akauliza, "Uzi uko wapi?"

Mwanzoni Wanjiru alimfungulia. Lakini Wanjiru alikuwa na masomo yake Kahawa, anakuja siku hii, siku ile haji. Wambui na Njeri nao walikuwa na mashine zao, na kila wakiinuka kumfungulia Halima wanasimamisha kazi. Mzee alivumilia muda. Halafu asubuhi moja akaja akasimama katikati, kofia mkononi, na mnajua mtu mwenye heshima akivua kofia kabla ya kuongea hakuna jema linalokuja.

"Mama Saidi," akasema, "kuna msichana amemaliza fomu four, atakaa kwenye hii mashine ya kompyuta. Wewe utakuwa na Akinyi. Kukata nyuzi, kufua sweta, kukunja. Sikufukuzi. Mahali pako pako."

Halima alisukuma kigari. Alimaliza mstari aliokuwa anafuma, akafunga kigari, ndipo akasema, "Mzee, nilianza kwa kufua."

"Najua, mama."

"Basi umenirudisha."

Mzee aliweka kofia kichwani akatoka nje kuongea na mtu ambaye hakuwepo.

Mchana Halima alikula nami kama kawaida. Aliniambia kitu kimoja tu, na nakikumbuka alivyokisema, huku akimenya chungwa. "Mama Kamau, mikono hii nikiiondoa kwenye sindano, kabla ya mwezi kuisha itakuwa imesahau. Na mimi sina kitu kingine ambacho watu wananiuliza."

Wanjiru alipokuja wiki hiyo nilimngoja hapo mlangoni. Nikamwambia, "Mwari, hako kapicha ka karatasi, ni lazima kawe karatasi?"

"Ikoni?"

"Sijui jina lake. Hako kadogo."

Akacheka kidogo. "Hapana, Mama Kamau. Inaweza kuwa kitu chochote. Kuna programu ya kuichora."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Nikamwambia anifundishe. Akaniangalia kidogo, halafu akavuta kiti cha pili.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kwa wale mnaopenda kujua. Kila nembo kwenye diski ilikuwa na faili mbili. Moja ni nembo yenyewe. Ya pili ni ndogo, ina jina lile lile na mkia mfupi nyuma, na ndani yake hakuna kitu ila ile picha. Ukinakili nembo ukaacha faili yake ndogo, nembo iko kwenye diski lakini huioni, kama mtu aliyeingia chumbani akajifunika blanketi. Njeri aliwahi kupoteza Shule ya Kitabu hivyo na akalia, na ilikuwepo wakati wote.

Ile programu ya kuchora inaikuza picha mpaka kila nukta inakuwa boksi. Unachagua rangi, unabonyeza boksi, linajaa. Rangi zilikuwa nne: bluu, nyeupe, nyeusi, na chungwa. Nilimuuliza Wanjiru maruni iko wapi. Hakuna. Kijani je? Hakuna. Yaani uzi wa Halima haungeweza kuingia humo. Ikabidi tuchore nembo zenyewe, kila shule kwa mnyama wake au mti wake, katika nafasi ndogo kama kucha ya kidole gumba.

Mimi nimeshona vitambaa vya meza vya msalaba tangu nikiwa msichana. Ua la waridi unalishona kwa misalaba midogo, na ukikaa karibu ni misalaba tu, ukisogea mbali ni ua. Kwa hiyo viboksi havikunitisha. Kilichonitisha ni mausi. Mkono unaenda huku na macho yako kule, na kile kitu kinateleza kama sabuni. Wanjiru alinishika mkono juu ya mkono, na siku mbili za kwanza nilichora vidoa tu. Stima ilikuwa inapotea pia. Ikipotea kabla hujahifadhi, umechora bure. Nilijifunza kuhifadhi kila nikimaliza mguu, kila nikimaliza sikio.

Mwenge ulikuwa rahisi. Mti ulikuwa rahisi. Kitabu nilikirudia mara nyingi kwa sababu kilikuwa kinaonekana kama mkate. Ng'ombe alinipa shida ya pembe. Halima alikuwa na oda ya kumaliza, kwa hiyo alikuwa anatuangalia kutoka kwenye mashine, na akipumzika anakuja kujaribu. Alibonyeza mwenge, ukafunguka. Alibonyeza mti. Alipofika kwa ng'ombe alimwangalia kwa muda.

"Huyu anaenda wapi?" akauliza.

"Anaenda kunywa maji," nikasema. "Bonyeza."

Akabonyeza, ikafunguka, tukacheka, tukaendelea. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, kwa hiyo haikujalisha alikuwa anaenda wapi. Nimewaza sana juu ya swali hilo baadaye.

Wanjiru alimwendea baba yake. Sikuwepo walipoongea, lakini jioni Mzee alikuja akasema, "Mama Saidi, Jumamosi. Ukifungua shule zote mwenyewe, bila mtu kukuambia, nitamwambia yule msichana atafute kazi pengine. Ukishindwa, tusilaumiane."

"Hatutalaumiana," Halima akasema.

Ndege niliwaacha mwisho kwa sababu niliwaogopa. Niliwachora Ijumaa mchana, Halima akiwa ameenda msikitini. Niliweka sweta mbili mezani, maruni na kijani, nikafuata moja kwa moja. Ndege wa Thika anaangalia mkono wa kulia. Ndege wa Ruiru anaangalia mkono wa kushoto. Nilimaliza, nikahifadhi, nikamwonyesha Wanjiru, naye akasema ni wazuri kuliko wa baba yake. Tukafunga tukaenda nyumbani. Halima hakuwajaribu.

Jumamosi Mzee alikuja na yule msichana wa fomu four, ili aone kazi, akasema. Jina lake Nyokabi, mtu mpole, aliketi karibu na mlango na mkoba wake magotini. Wambui alisimama upande mmoja, Njeri upande wa pili. Akinyi alikuwa kwenye pasi na hakuacha kazi. Wanjiru alipanga zile picha upya kwenye televisheni, hii hapa na ile pale, ili isiwe Halima anafuata mahali.

"Shule ya Mti," Mzee akasema.

Ikafunguka.

"Kitabu."

Ikafunguka. Alizifungua zote hivyo, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Mzee alianza kutikisa kichwa taratibu, kwa kukubali.

"Ndege wa Thika."

Halima alisogeza mausi moja kwa moja, hakusitasita, akabonyeza ndege anayeangalia kushoto.

Mzee alisoma jina lililotokea juu. "Hii ni Ruiru, mama."

"Ni Thika," Halima akasema.

"Imeandikwa Ruiru."

"Mimi sisomi, Mzee. Lakini huyo ni ndege wa Thika."

"Haya. Nifungulie wa Ruiru."

Akafungua anayeangalia kulia. Mzee akasoma. Ilikuwa Thika. Alishusha pumzi, na niliona ameumia, si kwamba alifurahi. "Mama Saidi, hizi ndizo shule kubwa mbili. Nikifuma ndege wa Ruiru kwenye maruni, kesho sina kazi, na nyinyi hamna."

Nilimsogelea. Nikamwambia Halima kwa sauti ya chini, "Mama Saidi, si unaijua sweta ya Thika? Ndege si anaangalia huku?" Nikanyoosha mkono wa kulia.

Akaniangalia kama mtu anayeona rafiki yake amechanganyikiwa. "Mama Kamau, mimi nimemfuma huyo ndege kuliko nilivyopika ugali. Anaangalia huku." Akanyoosha kushoto.

"Umechoka, mama," Njeri akasema. "Umefuma wiki nzima."

"Sijachoka. Njooni."

Aliinuka akaenda kwenye mashine yake. Kulikuwa na kifua cha Thika kinaning'inia kwenye sindano, maruni, kimefika nusu, ndege ameshatoka. Halima akaketi kwenye kiti chake, akanionyesha kwa kidole. Niliinama pale begani kwake, mahali ambapo nilikuwa sijawahi kuinama miaka hiyo yote, kwa sababu vipande vilikuwa vinaletwa mezani kwangu.

Ndege wa Thika alikuwa anaangalia kushoto.

Nyinyi mnaofuma mtakuwa mmeshajua. Mashine ya kufuma inamwonyesha mfumaji upande wa ndani wa sweta. Upande wa nje unaangalia ukutani. Halima alikuwa anamwona ndege kwa nyuma, kupitia ndani, tangu siku ya kwanza aliyomfuma. Mimi nilikuwa namwona kwa mbele, mezani. Tumekula pamoja, tumezika pamoja, tumeongea juu ya huyo ndege, huyu wa Thika ameharibika bawa, huyu wa Thika ana uzi mbaya, na hatukuwahi kujua kwamba mmoja wetu anamwona anaenda Nairobi na mwingine anamwona anaenda Murang'a.

Wambui na Njeri walikuwa wakisoma majina kwenye televisheni, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kumwangalia ndege.

"Mzee," nikasema, "njoo ukae hapa."

"Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti cha Mama Saidi."

Mzee alikuwa amenunua zile mashine, amezirekebisha, amezipaka mafuta, lakini kufuma alikuwa hafumi. Alikaa. Aliinamisha kichwa akaangalia kwa muda mrefu.

"Huyu ni wa Thika?"

"Rangi si unaiona," Halima akasema.

"Anaangalia dirishani."

"Ameangalia dirishani tangu uniletee hiyo mashine."

Mzee alipeleka mkono chini, akakunja kile kifua kidogo, akachungulia upande wa nje. Akakirudisha. Akachungulia tena. Ndipo Akinyi, kutoka kwenye pasi, bila kuinua kichwa, akasema, "Mimi napiga pasi ndani kwanza halafu nje. Kila siku nawaona wakigeuka. Nilidhani mnajua."

"Na hukusema?" Wanjiru akauliza.

"Mwalimu, si ulisema mwenyewe, hakuna aliyeuliza."

Hapo Wambui alicheka, na Njeri akacheka, na hiyo nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisikia wakicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mzee hakucheka. Alikuwa bado kwenye kiti. Akasema, "Sasa mimi naona huku, yeye anaona kule. Nani atageuka?"

"Kapicha ndiko katageuka, Baba," Wanjiru akasema. "Ni nukta tu."

"Halafu?"

"Halafu umwache mama afume."

Mzee alimwangalia Nyokabi pale mlangoni, halafu akamwangalia Halima. Akasema, "Geuzeni. Nangoja."

Ile programu ya nembo ilikuwa na njia ya kugeuza picha kwa mara moja. Ile ya vipicha haikuwa nayo. Ilibidi nichore ndege upya, nukta kwa nukta, kutoka nyuma. Kubadilishana zile faili ndogo mbili kungetosha, lakini siku hiyo hakuna aliyeliwaza. Halima aliketi karibu yangu na kuniongoza: mdomo hapa, hapana, rudi, sasa jicho. Mzee alingoja kweli, amekaa kwenye kiti cha mfumaji, anajaribu kigari, huku akijifanya hakijaribu. Nilipomaliza ndege wa pili Wanjiru alivichanganya tena vile vipicha, na Mzee akaita shule kwa kuruka ruka, Ruiru, Mwenge, Thika, Ruiru tena ili amkamate. Hakumkamata. Halima alipofungua ya mwisho aliondoa mkono kwenye mausi akaupangusa kwenye leso yake, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo, akarudi kwenye mashine. Kile kifua cha Thika alikimaliza siku hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyekiunganisha.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida. Nilimgeuza na ng'ombe pia, kwa heshima ya Halima, na mara hii hakuuliza anaenda wapi. Mzee ndiye alipata shida. Yeye alikuwa anafungua nembo kuwaonyesha walimu wakuu wakija, na alikuwa anawafuata ndege kwa nje bila kusoma jina, kwa hiyo alimwonyesha mwalimu wa Ruiru ndege wa Thika, na yule mwalimu akasema shule yake haijawahi kuwa na ndege mwenye kiburi hivyo. Ikabidi tutengeneze diski mbili, diski ya mashine na diski ya Mzee, zile zile nembo, vipicha vimegeuka. Ya Mzee ilikuwa na plasta nyekundu ili asichukue yetu. Alichukua yetu mara nyingi.

Nyokabi hakutafuta kazi pengine. Kazi ilipoongezeka Mzee alimletea mashine, na aliyemfundisha ni Halima. Kwa hiyo yule binti wa fomu four alimjua ndege kwa ndani kabla ya kumjua kwa nje, na nilipomweka mezani kwangu siku moja kunisaidia, aliunganisha kifua na kifua. Nilimwambia mtoto wake atakula sana.

Kwa hiyo nyinyi mliobaki, mkimfundisha mtu kazi, kaeni kwenye kiti chake kwanza. Halafu hifadhini kila mkimaliza sikio, stima haina huruma. Na kipicha kisitengane na faili yake.

Kama nimekosea, mnirekebishe. Sina hakika kama Shule ya Mti ilikuwa kijivu au bluu. Sina hakika kama yule mzungu alikuwa mzungu kweli, Wanjiru alisema tu "mtu mmoja". Njeri ananiambia kwamba Jumamosi ile hakuwepo kabisa, kwamba alikuwa amempeleka mtoto hospitali na alisikia habari Jumatatu kutoka kwa Wambui. Mimi ninamwona amesimama pale, anamwambia Halima amechoka. Mmoja wetu amechanganya, na aliyekuwepo aseme. Lakini aliyekuwa kwenye kile kiti Njeri alipofika kazini Jumatatu, hapo tunakubaliana sisi wote wawili. Alikuwa Halima, na mashine ilikuwa inasikika kutoka barabarani.